Spotilaiti zinawaka kwenye dimu, zinazima kwenye fulu

Swali limetoka kwa msomaji wa Kiteto, mkoani Manyara. Nimelifupisha:

"Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser pikapu ya dizeli, hii ya mkonga. Nabeba mahindi kutoka Engusero kwenda soko la Kibaigwa na mara nyingi narudi usiku. Nilifungiwa spotilaiti mbili, wati 100 kila moja. Siku ya tatu swichi ya kwenye dashibodi ikayeyuka. Fundi mwingine akaniwekea rilei na kuiunganisha na waya wa fulu (taa kali za kuona mbali), ili zikiwaka fulu na spotilaiti ziwake. Sasa zinafanya kinyume: nikiwa dimu (taa za kuona karibu) zinawaka, nikiweka fulu zinazima. Nimeambiwa gari lina shoti kubwa, nibadilishe nyaya zote za mbele. Ni kweli? Na pikipiki yangu ya cc 150 naweza kuifungia taa za ziada bila kuua betri?"

Marahaba, mdogo wangu. Usibadilishe hata waya mmoja kwanza. Gari lako halina shoti, na ukikubali ling'olewe nyaya zote utalipa pesa nyingi halafu taa ziendelee vilevile. Fundi wako wa pili alikosea jambo dogo ambalo wengi hulikosea kwenye Toyota. Wa kwanza ndiye aliyekosea kubwa. Nianze na la huyo wa kwanza, maana ndilo lingekuunguzia gari.

Wati 100 mara mbili ni wati 200. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampea 17. Sasa ichukue ile swichi iliyoyeyuka, igeuze, usome mgongoni. Zile nyeusi ndogo zinazouzwa kila duka nyingi zimeandikwa 6A 250V. Mtu akiona 250 anajisemea hii ina nguvu, gari langu ni volti 12 tu. Lakini kinachoichosha swichi ni ampea, na hapo uliibebesha karibu mara tatu ya uwezo wake. Ndani yake kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Vikilegea kidogo au vikishika uchafu, pale panapogusana umeme unapita kwa shida, tuseme kwa ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Zidisha ampea 17 kwa 17, kisha kwa 0.1: ni wati 29 za joto. Chuma changu cha kuchomelea solda hapa mezani ni cha wati 30. Kwa hiyo ulikuwa umewasha chuma cha solda ndani ya dashibodi ya plastiki, ukasafiri nacho hadi Kibaigwa.

Ulinusa harufu ukazima, nashukuru. Hapa Arusha niliwahi kuletewa gari la kubeba watalii lililoungua chini ya usukani. Waya wa spotilaiti ulitoka kwenye betri moja kwa moja, bila fyuzi, ukapenya kwenye tundu la bati linalotenga injini na chumba cha dereva, bila raba ya kuukinga. Kila tuta ukingo wa lile bati ulikuwa unaukwangua waya kidogo, mpaka shaba ikagusa bodi. Bila fyuzi, betri haina wa kuizuia. Nilipofungua, plastiki za nyaya sita za jirani zilikuwa zimeyeyuka na kugandamana kama sukari guru, na shaba ya ule waya imegeuka nyeusi urefu wote, hadi kwenye kichwa cha betri. Dereva aliwahi kuchomoa betri kwa spana namba 10. Tangu siku hiyo gari likiingia kwangu lina taa za nyongeza, kabla ya kuuliza lolote nafungua boneti kutafuta fyuzi iko wapi. Iwe karibu na betri, shubiri moja hivi. Ikikaa mwisho wa waya, kule kwenye taa, njia yote kutoka betri inabaki bila mlinzi.

Rilei ndiyo inayoiokoa swichi. Ni swichi nyingine inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole. Geuza uangalie miguu yake, ina namba. Pini 30 inapokea umeme mzito kutoka betri kupitia fyuzi. Pini 87 inaupeleka kwenye taa. Pini 85 na 86 ni za ile sumaku, ambayo inakula umeme kidogo sana, chini ya robo ampea. Kwa mpangilio huo, swichi ya dashibodi inashughulika na sumaku peke yake. Hata ile ya 6A ingeweza kazi hiyo miaka mingi, na waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba unatosha kuingia ndani ya gari. Umeme mzito wote unabaki chini ya boneti.

Sasa kioja cha dimu na fulu. Kwenye magari mengi, swichi ya taa inapeleka chanya kwenye balbu, na hasi ya balbu imefungwa kwenye bodi moja kwa moja. Toyota nyingi za ukoo wa gari lako, na Hilux nyingi za zamani, zimepangwa kinyume. Ukiwasha taa, chanya inafika kwenye balbu na kukaa palepale. Kazi ya swichi ya fulu na dimu ni kuchagua uzi upi wa balbu upewe hasi.

Fundi wako alifunga kama alivyozoea kwenye magari mengine: waya wa fulu kwenye pini 86, pini 85 kwenye bodi. Fuata umeme unavyokwenda. Ukiwa dimu, waya wa fulu haujapewa hasi. Chanya inayosubiri kwenye balbu inapita ndani ya uzi wa fulu, inatokea upande wa pili, inafika kwenye rilei. Kwa kuwa rilei inahitaji umeme mdogo mno, ule uzi unaupitisha bila hata kuwa mwekundu. Rilei inavuta, spotilaiti zinawaka. Ukiweka fulu, waya uleule unapewa hasi. Rilei sasa ina hasi pande zote mbili, inaachia, spotilaiti zinazima. Kila kifaa kinafanya kazi yake sawasawa, ila kimefungwa mahali pasipo pake.

Lakini usiniamini kwa maneno, pima. Chukua multimita, kile kipimo cha umeme chenye ncha mbili, ncha nyeusi igusishe bodi penye chuma cheupe. Usiichomoe soketi ya balbu, ingiza ncha nyekundu kwa nyuma, pale nyaya tatu zinapoingilia. Washa taa, weka dimu, andika namba tatu. Weka fulu, andika tena. Kama gari lako ni kama ninavyodhani, utakuta waya mmoja unaonyesha 12 au zaidi wakati wote: huo ndio wa chanya. Mwingine utaonyesha 12 kwenye dimu na kushuka karibu na sifuri kwenye fulu: huo ndio wa fulu. Ukikuta kinyume, yaani kuna waya unaobaki sifuri wakati wote na wa fulu unapanda hadi 12 ukiweka fulu, basi gari lako ni la mpangilio wa kawaida na tatizo lako si hili.

Ukithibitisha, marekebisho ni ya nusu saa. Toa pini 85 kwenye bodi. Peleka 86 kwenye ule waya wa chanya wa soketi. Peleka 85 kwenye waya wa fulu, swichi ya dashibodi ikiwa katikati ya njia. Ukiweka fulu, 85 inapata hasi, rilei inavuta. Ukirudi dimu, pande zote mbili zina chanya, rilei inaachia. Usizigeuze 85 na 86, kwa sababu rilei nyingine zina dayodi ndani, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na zitaungua zikipewa umeme kinyume. Na kabla ya kununua chochote hakikisha gari ni la volti 12. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ni za volti 24, na rilei ya 12 kwenye gari la 24 haimalizi wiki.

Umenieleza kuwa ulitaka spotilaiti ziwake pamoja na fulu. Shikilia hapohapo, hata kama kuna atakayekwambia uzipe swichi yake kabisa ili uziwashe wakati wowote. Gari likija mbele yako unagusa kijiti kimoja tu, na kila kikali kinazima kwa pamoja. Ukilazimika kuhangaika na swichi mbili, siku moja umechoka, gunia zimekulevya kwa uzito, utazima fulu na kusahau spotilaiti. Anayekuja kwa kilometa 80 kwa saa anakwenda mita 22 kila sekunde. Ukimpofusha kwa sekunde tatu tu, ameshatembea mita 66 haoni, na barabara ya Kibaya hadi Kongwa unaijua: pembeni kuna mkokoteni wa punda usio na taa, kuna vijana wanarudisha ng'ombe, kuna mama na mtoto mgongoni. Naliongea hili kwa uchungu kwa sababu taa zinazofungwa mitaani zinazidi kuwa kali, na wanaoumia si wenye taa.

Tuje kwenye waya. Fundi wa kwanza alitumia upi? Kama ni ule mwembamba wa milimita 1 ya mraba, hebu tupige hesabu. Kutoka betri hadi taa na kurudi, weka mita 6. Kwa ampea 17, waya huo utapoteza karibu volti 1.8 njiani. Injini ikiwaka unatoa 13.8 kwenye betri, taa zinapokea 12. Unaweza kusema volti mbili si kitu. Kwenye balbu ya halojeni ni kitu kikubwa, kwa sababu mwanga unashuka haraka kuliko volti: pungufu hilo linakunyang'anya zaidi ya theluthi moja ya mwanga. Umelipia wati 100, unaona za 60. Weka waya wa milimita 4 za mraba, upotevu unashuka hadi chini ya nusu volti. Fyuzi ya ampea 25 inaufaa waya huo na mzigo huo.

Usikubali kufungiwa waya wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mgumu. Barabara zetu zinatikisa, na waya mgumu hukatikia ndani ya plastiki yake ukiuona mzima kwa nje. Nunua wa nyuzi nyingi laini. Tena ukiwa dukani kwaruza nyuzi kwa kisu: ikitokea nyeupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache. Ethi, yaani waya wa hasi wa kurudisha umeme, nayo iwe ya waya uleule mnene, ifungwe kwenye chasisi palipokwaruliwa rangi au irudi betri kabisa. Robo tatu ya taa hafifu ninazoletewa, chanya yake ni safi na ethi yake imefungwa kwenye skrubu yenye kutu. Rilei ifunge ndani ya fenda na miguu yake iangalie chini, maji yatiririke yasituame.

Kabla hujatumia hata shilingi kwa hayo yote, pima taa zako za asili. Injini ikiwaka na taa zikiwaka, soma volti za betri, halafu soma kwenye soketi ya balbu kati ya waya wa chanya na waya wa hasi. Ikiwa tofauti inazidi volti moja, taa zako za kampuni zinanyimwa chakula. Umeme wake unasafiri kutoka betri hadi swichi za usukani na kurudi kwenye nyaya zilizozeeka. Wateja wangu kadhaa waliokuja kutaka spotilaiti niliwafungia rilei mbili za taa za mbele tu, moja ya dimu na moja ya fulu, nikasafisha vioo, wakaondoka wameridhika. Dimu nzuri ndiyo unayoitumia muda mwingi, kwa sababu kuna magari mengine barabarani. Na rilei za dimu haziongezi kumuumiza yeyote, mradi taa zimelengwa.

Kuhusu aina ya taa. Mwendo wa kilometa 80 kwenye changarawe, hesabu yangu ya kawaida ni kwamba tangu uone kitu hadi usimame unahitaji karibu mita 95: mita 33 za kuwaza na kuhamisha mguu, zilizobaki za breki. Dimu ya kawaida haikuonyeshi kwa uhakika mtu mwenye nguo nyeusi aliye mbali zaidi ya mita 50 hivi. Pengo hilo ndilo spotilaiti inalolijaza. Ukienda 60, unahitaji karibu mita 60. Kupunguza mwendo kunafanya kazi kubwa kuliko taa yoyote niliyowahi kufunga, na ni bure.

Ukitaka kubadilisha hizo za wati 100, LED nzuri za wati 40 kila moja zitakupa mwanga wa kutosha kwa ampea 7 tu. Tatizo ni kuzipata nzuri. Boksi limeandikwa wati 200, ukipima inakula ampea 2, yaani wati 24. Tafuta kwenye kioo herufi E ndani ya duara, alama ya kukaguliwa kwa kanuni za kimataifa, ingawa nayo inaigizwa, kwa hiyo ipime dukani kabla ya kulipa. Epuka zenye mwanga wa samawati. Dukani zinang'aa sana, ila kwenye vumbi jekundu la Kiteto utaona ukuta mweupe mbele yako. Baa ya taa juu ya paa nayo siipendi kwa kazi yako: iko karibu na usawa wa macho, inalimulika vumbi lote na boneti yako mwenyewe, na mwanga unakurudia. Zifunge kwenye bulibaa, ile kinga ya chuma mbele ya gari, kwa nati zenye nailoni ndani. Madereva wa utalii pia huniletea malalamiko kuwa redio ya mawasiliano inavuma taa zikiwaka. Hizo ni LED za bei ndogo, hakuna dawa zaidi ya kuzibadilisha.

Kulenga kwako kuna jambo la pekee, kwa sababu ya mzigo. Umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ya pikapu yako ni mita 3.18. Ukipakia tani moja, tuseme nyuma ikazama sentimita 8, pua ya gari inainuka kwa asilimia mbili na nusu. Kwenye mita 100 mbele, mwanga umepanda mita 2.5. Taa zilizolengwa gari likiwa tupu zitakuwa zinamulika matawi ya mibuyu na macho ya wenye malori. Kwa hiyo pakia kama unavyopakia siku zote, simama sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, weka alama ya urefu wa katikati ya kila taa. Kitovu cha mwanga wa spotilaiti kiwe kwenye alama au chini yake kwa vidole viwili. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu ukatike sentimita 10 chini ya alama. Ukirudi mtupu mwanga utakuwa chini kidogo, na ni afadhali hivyo.

Pikipiki sasa. Taa yake ya mbele huenda ni ya wati 35, na mashine yake ya kuzalisha umeme ni ndogo, haina akiba kama alteneta ya gari. Kwanza angalia hivi: iache ikiunguruma taratibu, taa ikiwaka, kisha vuta mafuta. Mwanga ukipanda na kushuka pamoja na injini, kuna uwezekano mkubwa taa hiyo inalishwa moja kwa moja na koili ya ile mashine ya kuzalisha umeme, si betri. Usiunge LED kwenye waya huo. Itapepesa, kisha itakufa. Chukua umeme betri, kupitia fyuzi ya ampea 5.

Bajeti yako ni LED mbili zenye jumla ya wati 20 za kweli. Zikishafungwa, washa kila kitu, kamata mwendo wa kawaida wa injini na upime betri. Ukisoma 13.2 au zaidi, betri inachajiwa. Ukisoma chini ya 12.8, unaila betri, na asubuhi utapiga kiki. Tumia rilei ndogo, pini 86 iunge kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukifunguliwa, kama ule wa swichi ya breki, ili ukichomoa ufunguo taa zisibaki zinawaka. Fyuzi ya ampea 5 na waya wa milimita 1 zinatosha hapa.

Mahali zinapoharibikia ni shingoni. Waya ukipita pale usukani unapogeukia bila kuachiwa ulegevu, utakatika ndani ya miezi michache. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho, ndipo ubane. Zile zinazopepesa kwa rangi, nakuomba kwa dhati usizinunue. Anayekuja mbele hawezi kukadiria uko umbali gani.

Ukimaliza gari, usiku wa kwanza endesha dakika 20 na fulu, halafu simama pembeni, zima injini, fungua boneti. Gusa kwa upande wa kidole fyuzi, rilei, kila kichwa cha waya na ile ethi. Vuguvugu si tatizo. Kinachokuchoma, fungua palepale ukibane upya kabla ya kuendelea na safari, na rudia kukagua baada ya safari mbili za Kibaigwa, kwa sababu nati mpya hulegea kwenye barabara iliyojikunja kama bati.